Kamba Ifungwe Wapi? Hesabu ya Kuvuta Katika Milima ya Kisii na Nyamira

Mvua ya masika ikishika kasi kati ya Machi na Mei, barabara za udongo zinazoteremka kutoka vituo vya kununulia chai huko Nyamira huteleza kama sabuni. Lori lililobeba majani mabichi likiserereka na kuingia mtaroni, hakuna anayepiga simu Kisii mjini kuita brekidauni. Watu hutafuta kamba. Haipiti nusu saa kabla mnyororo wa mtu fulani haujaletwa, trekta ya jirani au lori jingine la kiwanda halijafika, na wakubwa kwa watoto hawajajipanga ukingoni kutazama. Mabishano huwa mengi: injini ya nani ina nguvu, kamba ipi haitakatika, dereva atie gia gani. Swali linalosahaulika ni mahali hasa pa kuifunga hiyo kamba, kwenye gari linalovuta na kwenye linalovutwa. Swali la pili, ambalo ni pacha wake, haliulizwi kabisa: nguvu ikizidi, kitu gani kitaachia kwanza?

Nguvu ya injini huamua tu kama gari litatoka. Vifo na majeraha hutokana na hayo maswali mawili, na ukiyafuatilia utaona yanahusu trekta ya magogo, boti ya michezo ya majini na hata mashua kubwa za kuvuta meli bandarini. Kanuni ni zile zile. Kinachobadilika ni udongo na maji.

Nchi yenyewe ndiyo inayolazimisha watu kuvutana. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu za juu za Nyamira hupita mita 2,000. Mvua ya mwaka huzidi milimita 1,500, na hakuna mwezi ambao mkulima anaweza kuapa kuwa utakuwa mkavu. Mashamba ni vipande vyembamba vinavyoanzia mgongoni mwa kilima na kuishia bondeni, kwa hiyo njia za kuyafikia nazo huporomoka moja kwa moja. Barabara kuu zina lami: ya kwenda Keroka na Sotik, ya kupitia Oyugis hadi Ahero, ya kuelekea Migori na Isebania. Taabu huanza ukikata kona kuingia ndani.

Humo ndani kuna Probox zilizojaza abiria kupita kiasi, Canter zilizopakia ndizi hadi juu ya ubavu, na lori za chai. Trekta si nyingi katikati ya Gusii, maana shamba la robo ekari haliihitaji. Lakini Borabu, ambako walowezi wa Kiafrika waligawiwa mashamba miaka ya 1960, zipo, na upande wa kusini trekta huburuta matrela ya miwa kuelekea viwanda vya Awendo na Transmara. Halafu kuna magogo. Mikaratusi imejaa mabondeni, na viwanda vya chai huchoma kuni ili kupata mvuke wa kukaushia majani. Gogo lililoangushwa chini lazima lipande mpaka barabarani, na likipandishwa kwa trekta, hapo ndipo kimo cha kamba kinapogeuka kuwa suala la uhai.

Trekta imetengenezewa chuma cha kuvutia nyuma, chini kabisa, nusu mita au pungufu kutoka ardhini, chini ya ekseli ya magurudumu makubwa. Wengi hudhani kimewekwa hapo ili kulingana na trela. Sababu ni nzito zaidi. Magurudumu ya nyuma yakishika ardhi na mzigo ukikataa kusogea, nguvu ya injini haipotei. Hutafuta njia nyingine, na njia iliyo wazi ni kuuzungusha mwili wa trekta kwenye ekseli yake. Magurudumu ya mbele huanza kuelea. Kamba ikiwa chini ya ekseli, kadiri pua inavyoinuka ndivyo kile chuma cha nyuma kinavyoshuka, na mzigo hupungukiwa na uwezo wa kuipindua trekta. Hali hujirekebisha yenyewe, au angalau humpa dereva nafasi ya kukanyaga klachi.

Sasa mtu huifunga kamba juu zaidi. Mara nyingi ana sababu yake: anataka kichwa cha gogo kinyanyuke kisichimbe udongo. Huizungusha kwenye ekseli yenyewe, au kwenye pini ya juu inayoshikilia jembe. Pua ikianza kuinuka, mvuto unazidi kusaidia kuipindua badala ya kuizuia, na trekta huanguka chali huku dereva akiwa chini ya usukani. Wanaofundisha usalama wa mashambani husema kwamba tangu magurudumu ya mbele yaondoke ardhini hadi pale ambapo hakuna kurudi huchukua takriban robo tatu ya sekunde. Mtu huhitaji muda mrefu kuliko huo kutambua tu kwamba kuna jambo linakwenda mrama. Na hiyo ni hesabu ya uwanja tambarare. Trekta inayopanda kilima tayari uzito wake umeegemea nyuma kabla haijavuta chochote.

Kuna hila nyingine mbaya kuliko hiyo. Trekta yenyewe ikizama, watu hufunga boriti kwenye magurudumu ya nyuma ili yapate cha kukanyagia. Magurudumu yakizuiwa kabisa yasizunguke, kinachozunguka ni trekta. Dawa ni kuchimba nyuma ya magurudumu na kutoka kinyumenyume, jambo ambalo halivutii watazamaji lakini hufanya kazi.

Sweden iliagiza tangu mwaka 1959 kwamba trekta mpya ziuzwe zikiwa na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, na vifo vya kupinduka vikapungua sana katika miongo iliyofuata. Huku kwetu bado kuna Massey Ferguson za zamani zinazochapa kazi bila fremu yoyote, na zilizo nayo mara nyingi dereva hafungi mkanda. Fremu bila mkanda ni nusu ya kinga: mtu hurushwa nje, kisha fremu humwangukia.

Baada ya kusema hayo yote kuhusu kufunga chini, kuna chombo kinachofunga juu kwa makusudi, tena juu sana, na hakipinduki. Kukielewa ndiko kunakoifanya kanuni yenyewe ieleweke.

Mwaka 1922 kijana wa Kimarekani, Ralph Samuelson, alijifungia mbao miguuni katika mji wa Lake City, jimbo la Minnesota, akavutwa na boti na kusimama juu ya maji. Ndivyo mchezo wa kuteleza majini kwa skii ulivyoanza. Kwa miongo mingi kamba ilifungwa chini, kwenye kijiti kifupi cha chuma kilichosimikwa karibu na katikati ya boti. Katikati, kwa sababu mtu anayevutwa huyumba kulia na kushoto, na kamba ikifungwa mkiani kila anapoyumba huusukuma mkia wa boti upande wake na kumsumbua nahodha. Kisha ukaja mchezo wa weikibodi, ambamo mtu husimama kiubavu juu ya ubao mmoja na kurukia mawimbi yanayoachwa na boti. Anayetaka kuruka anahitaji kamba itokayo juu, imsaidie kupaa na isimvute chini akiwa angani. Wachezaji wakarefusha vile vijiti hadi mita 2 hivi. Mwaka 1997 kampuni ya Correct Craft ikaleta boti yenye mnara wa mabomba uliobuniwa kwa mchezo huu, na baada ya hapo minara ikawa kitu cha kawaida. Hapa Kenya mchezo wenyewe uko pwani, kwenye maji yaliyotulia kama ya hori la Kilifi. Kisii na Nyamira hazina maji ya namna hiyo. Mto Kuja una mawe, na anayetaka maji mapana hushuka Kendu Bay.

Nguzo moja ndefu na mnara si kitu kimoja. Nguzo imeshikwa sakafuni kwa mguu mmoja, kwa hiyo kila mvuto wa juu hugeuka wenzo wa kuing'oa. Ndiyo maana nguzo iliyorefushwa huhitaji nyaya za kuishikilia kuelekea mbele ya boti, na anayeifunga bila nyaya hizo anaomba imwangukie. Mnara una miguu minne inayoshuka kwenye kuta za boti na kuugawa mzigo. Lakini hata mnara hauondoi hesabu ya kupinduka. Mchezaji anayekata kona kwa nguvu akivuta kilo 100 upande mmoja, mita 2 juu, anailaza boti sawa na watu watatu wa kilo 65 kila mmoja waliosimama mita moja nje ya mstari wa kati. Boti pana, nzito, hubeba hilo bila shida. Boti nyembamba ya mbao yenye mashine ndogo ya nyuma haitabeba, na vibao vyake vya kukalia havikutengenezwa kushika nguzo. Mtu wa Homa Bay anayefikiria kubuni ya kwake kwa kuchomelea bomba kwenye boti ya uvuvi afikirie tena.

Kwa nini basi boti husalimika pale trekta inapopinduka? Upana wa boti ni sehemu ya jibu, na ukweli kwamba maji hayamng'ang'anii mchezaji kama ardhi inavyoling'ang'ania gogo. Lakini jibu kubwa, kwa maoni yangu, ni vidole. Mzigo unaovutwa ni mtu aliyeshika mpini kwa mikono. Nguvu ikizidi, anaachia. Mfumo mzima umejengwa kuzunguka kiungo ambacho hushindwa mapema, bila kishindo na bila kumdhuru yeyote.

Ndiyo maana watengenezaji wa minara huonya kwa herufi kubwa kwamba boya la kujaza upepo lisivutwe kwa mnara. Mtu anayeliona boya lenyewe, laini, limekaliwa na watoto wawili, hushangaa onyo hilo. Lakini boya limefungwa. Halina vidole. Pua yake ikizama kwenye wimbi hujaa maji, na mvuto hupanda ghafla kuliko ambavyo mchezaji yeyote angeweza kushika, wakati huohuo ukielekezwa kwenye ncha ya juu kabisa ya boti. Boya hufungwa chini, kwenye ringi ya nyuma ya boti. Vivyo hivyo hakuna ruhusa ya mtu kupanda mnarani au kuukalia boti ikiwa inakwenda: uzito uliopanda juu huongeza ulalo uleule. Hata kamba ni tofauti. Ya weikibodi hainyumbuki, ili mchezaji asirushwe na mpira uliojificha ndani ya kamba. Ya boya hunyumbuka kidogo ili ipokee mishtuo. Anayezichanganya hupata ubaya wa zote mbili.

Mabaharia walilijua hili kabla ya wachezaji. Mashua ya kuvuta meli, ya aina ya zamani yenye ndoano katikati, inaweza kupinduliwa na meli ileile inayovutwa nayo. Meli ikienda kasi kuliko mashua, au ikageuka, kamba hukaa upande wa ubavu, na kwa kuwa ndoano iko juu ya maji, huilaza mashua ndani ya sekunde chache. Mabaharia walio chini hawapati hata muda wa kufika mlangoni. Tiba zao ni mbili. Ya kwanza ni kamba fupi inayoivuta ile ndefu chini na nyuma, ili mvuto utoke mkiani. Ya pili ni ndoano inayoachia kwa kuguswa kitufe au mtaimbo. Tiba moja inahusu mahali, nyingine inahusu kuachia.

Rudi sasa kwenye ule mtaro wa Nyamira. Hapo hakuna vidole wala ndoano ya kufyatua. Nguvu ikizidi, kinachoachia ni kitu kilicho dhaifu kuliko vyote, na kwa kawaida hakuna aliyekichagua.

Lori la tani 10 likiwa kwenye mteremko wa nyuzi 10, magurudumu yakizunguka vizuri, kulishikilia tu kunahitaji mvuto wa tani 1.7 hivi. Likizama matopeni hadi kitovu cha magurudumu, kanuni wanayotumia waokoaji wa magari ya kijeshi ni kwamba mvuto unaohitajika hukaribia uzito wa lori zima. Tofauti hiyo ndiyo inayovunja vitu. Na tofauti hiyo huondolewa kwa jembe. Hakuna boma Gusii lisilo na jembe, hata hivyo watu wako tayari kukata minyororo mitatu kabla ya mtu mmoja kuinama achimbe njia mbele ya magurudumu na kutandika matawi. Kuchimba hakuna sifa. Kuvuta kuna mngurumo.

Kamba ya nailoni hunyumbuka, na watu huipenda kwa hilo, maana gari linalovuta hupata mwendo kidogo kabla ya kamba kukaza. Lakini kunyumbuka ni kuhifadhi nguvu. Kamba iliyorefuka mita moja na nusu chini ya mvuto wa tani 4 imebeba nguvu inayokaribia ile ya Probox tupu inayokwenda kilomita 27 kwa saa. Ikikatika katikati, sehemu kubwa ya nguvu hiyo huishia hewani na kwenye ncha zinazochapa. Ikiwa kilichoachia ni kipande cha chuma mwishoni, kamba hukirusha chuma hicho. Mnyororo haunyumbuki, kwa hiyo hauhifadhi mengi, ila haupokei mshtuo hata kidogo: dereva akiruka na mnyororo uliolegea, pete moja hupata pigo ambalo haikuundwa kulipokea. Mnyororo huvutwa taratibu, ukiwa tayari umekaza. Na fundo, liwe zuri namna gani, hupunguza nguvu ya kamba kwa thuluthi hadi nusu, ndiyo sababu ya kutumia kamba zenye kitanzi kilichoshonwa na shakeli yenye pini ya kukaza.

Basi ifungwe wapi? Si kwenye bampa, jambo ambalo kila dereva hulisema na wengi hawalitekelezi. Si kwenye ekseli, wala kwenye mikono ya usukani. Kuna mtego mmoja wa magari ya mitumba ambao haujulikani sana. Magari yetu yalikuja Mombasa kwa meli kutoka Japani, na chini yake mengi yana vitanzi vya chuma ambavyo kazi yake ilikuwa kulifunga gari kwenye sakafu ya meli lisitembee. Vilitengenezwa kuvutwa chini, polepole, na si kung'olewa mbele kwa mshtuo. Vinapatikana kirahisi, kwa hiyo ndivyo hutumika. Ringi halisi ya kuvutia kwenye magari mengi ni ile ya kukaza kwa skurubu, iliyowekwa kwenye buti pamoja na jeki, na gari likishapita mikononi mwa wamiliki watatu haipo tena.

Kichwa cha mviringo cha kuunganishia trela ni hatari kuliko vyote. Kimetengenezwa kuhimili trela inayofuata kwa upole. Kikipigwa mshtuo na kamba ya kunyumbuka, shingo yake huvunjika na kile kitufe cha chuma hupita kioo cha gari kama hakipo. Australia, ambako watu hupenda kuvutana kwenye mchanga na matope, vifo vya namna hiyo vimetokea zaidi ya mara moja. Nami nina shaka kubwa na ndoano zinazochomelewa na mafundi wa jua kali. Si kwamba mafundi hao hawajui kazi; wengi wanajua. Ila ndoano iliyochomelewa kwenye bamba jembamba huonekana imara kuliko bamba lenyewe, na dereva huiamini kwa kuangalia unene wa ndoano. Ikibidi, ifungwe kwa bolti kwenye chesisi.

Kukiwa na pointi mbili za kuvutia, kulia na kushoto, kamba yenye umbo la V hugawa mzigo, mradi V hiyo iwe nyembamba. Ikipanuka hadi nyuzi 120, kila mguu wake hubeba mzigo wote kana kwamba uko peke yake. Watu hufunga V pana wakidhani wamepunguza mzigo kumbe wamezidisha.

Gari limetoka matopeni. Wengi huona kazi imekwisha, na kwenye tambarare ingekuwa imekwisha kweli. Huku kwetu sasa ndipo linapoanza kuvutwa kwenda gereji, likishuka kilima na kupanda kingine, na injini imezimwa. Injini ikizimwa, breki za gari dogo hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara mbili tatu. Kanyagio huwa gumu kana kwamba kuna jiwe chini yake. Usukani huwa mzito, na ufunguo ukitolewa hujifunga kabisa. Mtu aliyepewa kazi ya kuliongoza gari linalovutwa mara nyingi ni yule asiye na la kufanya, wakati ndiye anayehitaji ustadi zaidi: kwenye mteremko yeye ndiye anayepaswa kufunga breki ili kamba ikae imekaza. Asipofanya hivyo gari lake hulifikia la mbele, kamba hulegea na kupita chini ya gurudumu, kisha hukazwa ghafla.

Lori la breki za upepo lina hatari yake. Upepo ukiisha, springi hufunga magurudumu ya nyuma, na hivyo ndivyo lilivyokusudiwa: likose upepo, lisimame. Kwa hiyo kabla ya kulivuta watu huingia chini na kuzilegeza zile springi kwa bolti. Lori hutembea. Sasa lina tani 10 na halina breki hata moja, na mbele yake kuna mteremko. Kulivuta hivyo kwa kamba kwenye milima hii ni jambo ambalo polisi wa trafiki wangepaswa kulisimamisha papo hapo. Linahitaji chuma kigumu cha kuunganishia badala ya kamba, au lipelekewe upepo kwa mpira kutoka lori la mbele, au linyanyuliwe na brekidauni.

Probox ya otomatiki nayo haivutwi ovyo. Injini ikiwa imezimwa, pampu inayopeleka oili kwenye gia haizunguki, na magurudumu ya mbele yakiburuzwa barabarani gia hujisaga zikiwa kavu. Magurudumu yanayoendeshwa na injini ndiyo hunyanyuliwa. Wengine huisukuma wakitumaini itawaka, kama zile Datsun za zamani. Haitawaka.

Pikipiki hazihitaji hata kamba. Mwendeshaji wa nyuma huweka mguu wake kwenye kikanyagio cha pikipiki iliyozima na kuisukuma, wawili wakienda sambamba kwenye lami ya Kisii kwenda Keroka, lori zikipita sentimita chache kando. Ukiniuliza, mguu huo ni nafuu kuliko kamba, kwa sababu mguu huachia. Kamba iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki haiachii, na hugeuza gurudumu la mbele wakati mwendeshaji hataki. Asiye na njia nyingine huizungusha kamba mara moja tu kwenye usukani na kuishika ncha yake kwa vidole, bila fundo, ili aiachie akihisi anaelemewa. Hii ni ileile hesabu ya boti ya Kilifi, iliyogunduliwa upya na vijana ambao hawajawahi kuiona.

Nani awajibike? Madereva hulaumiwa kwa urahisi, lakini dereva wa lori la chai hafiki na kamba yake mwenyewe. Viwanda vinajua ni barabara zipi hunasa lori kila masika, maana ni zilezile. Kamba mbili zenye vitanzi vilivyoshonwa, shakeli nne zilizopigwa muhuri wa uwezo wake, majembe mawili na mbao za kutandika ni gharama ndogo kwa kiwanda ambacho majani mabichi yakilala njiani hupoteza ubora. Sacco za matatu zingeweza kulazimisha ringi ya kuvutia iwe ndani ya gari kama zinavyodai zile pembetatu za kuonyesha gari limeharibika. NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, hukagua magari ya abiria. Sioni sababu ya ringi hiyo kutokuwa miongoni mwa vinavyotazamwa. Serikali za kaunti zina barabara za ndani, na mtaro uliochimbwa ukaachwa wazi kama handaki ukingoni ndio unaomeza magari mengi kuliko tope lenyewe.

Mwisho kuna umati. Kwenye boti ya kuvuta mchezaji, majimbo mengi ya Marekani hudai kuwe na mtu wa pili mbali na nahodha, ambaye kazi yake pekee ni kumtazama anayevutwa na kupokea ishara zake. Nahodha hutazama mbele. Kwenye mtaro wa chai, dereva anayevuta hutazama nyuma kwa kioo, watu kumi humpigia kelele kumi tofauti, na kamba iko katikati ya watoto. Taniboi anaweza kuwa huyo mtu wa pili. Asimame ubavuni mbali na mstari wa kamba, awe peke yake anayetoa ishara, na kabla kamba haijakaza awaondoe watu hadi umbali unaozidi mara mbili urefu wa kamba. Atupe gunia lenye udongo kidogo au koti zito katikati ya kamba. Ikikatika halitaizuia, litaishusha. Mkono ulioinuliwa juu na kiganja wazi uwe na maana moja tu, kusimama, na dereva autii hata kama lori limebakiza nusu mita litoke. Mzee atakayegoma kusogea kwa sababu shamba ni lake aombwe kwa heshima zote, "Mzee, tunaomba upande huu," na akikataa, injini izimwe mpaka asogee.